Madhara ya Tiba ya Mionzi kwa Sehemu ya Titi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mwanamke aliyeondolewa uvimbe wa saratani bila kukatwa titi lote, na ambaye sasa ameambiwa kwamba mionzi itaelekezwa kwenye sehemu tu ya titi hilo. Yanaweza pia kumsaidia mume, dada au binti anayemsindikiza hospitali. Hayachukui nafasi ya daktari anayemtibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeona ripoti ya uvimbe, picha na kovu lenyewe.

Tiba hii ni ipi, na inatofautianaje na mionzi ya titi zima?

Baada ya uvimbe kuondolewa, huenda zikabaki chembe za saratani zisizoonekana kwa macho wala kwa picha, na mionzi hutolewa ili kuziangamiza. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kulipiga mionzi titi zima. Madaktari walipofuatilia wagonjwa waligundua kwamba saratani inaporudi ndani ya titi, mara nyingi hurudi karibu na pale ilipoanzia. Ndipo likazuka wazo la kuelekeza mionzi mahali uvimbe ulipokuwa, pamoja na ukingo wa tishu unaopazunguka, na kuliacha titi lililobaki.

Zipo njia tatu kuu. Ya kwanza ni mashine ya nje, ambapo mgonjwa hulala juu ya kitanda na mionzi huelekezwa kwenye titi kutoka pembe mbalimbali. Ya pili ni mionzi ya ndani, inayopitishwa kwenye mirija myembamba au puto lililowekwa ndani ya titi kwa siku chache. Ya tatu hutolewa mara moja tu, katika chumba cha upasuaji, mara baada ya uvimbe kutolewa. Madhara ya njia hizi hayafanani, kwa hiyo anayesimuliwa na jirani yake yaliyompata ni vyema kwanza aulize jirani huyo alitibiwa kwa njia ipi.

Eneo likiwa dogo, si madhara nayo yatakuwa madogo?

Kwa sehemu kubwa ndiyo, lakini si kila mara. Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu wagonjwa wengi hutulizwa kwa neno "sehemu" na hawaendelei kuuliza dozi itagawanywa vipi. Ugawaji wa dozi una uzito mkubwa sawa na ukubwa wa eneo.

Nchini Uingereza, utafiti ulioitwa IMPORT LOW uliwahusisha wanawake 2,018 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017. Waliopata mionzi ya sehemu ya titi walipewa grei 40 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) katika vikao 15, kikao kimoja kwa siku, kwa muda wa wiki tatu. Baada ya miaka mitano, saratani ilikuwa imerudi katika titi kwa asilimia 0.5 ya waliotibiwa sehemu na asilimia 1.1 ya waliotibiwa titi zima, yaani tiba ya sehemu haikuwa dhaifu kuliko ile ya titi zima, na wanawake walioipata hawakulalamika sana kama wale wa titi zima kuhusu titi kubadilika umbo au kuwa gumu. Huko Florence, Italia, madaktari walitoa grei 30 katika vikao vitano tu, wakiruka siku kati ya kikao na kikao, na huko pia madhara ya ngozi, ya mapema na ya baadaye, yalikuwa machache kuliko kwa wanawake waliotibiwa titi zima.

Sasa tazama utafiti wa RAPID, uliofanyika Kanada, Australia na New Zealand kwa wanawake 2,135. Hawa walipewa grei 38.5 katika vikao 10, lakini vikao viwili kwa siku, vikiachana kwa saa sita hadi nane. Saratani ilidhibitiwa vizuri: baada ya miaka minane ilikuwa imerudi kwa asilimia 3.0 tu. Madhara ya mapema yenye uzito wa kati na kuendelea yaliwapata asilimia 28, yakilinganishwa na asilimia 45 ya waliotibiwa titi zima. Kadiri muda ulivyosonga, hata hivyo, hali iligeuka. Madhara ya baadaye yaliwafikia asilimia 32 katika kundi la sehemu ya titi, dhidi ya asilimia 13 katika kundi lile lingine, na miaka mitano baada ya tiba takriban theluthi moja ya waliotibiwa sehemu ya titi walikuwa na titi ambalo mwonekano wake ulihesabiwa kuwa si mzuri.

Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba tishu za kawaida za titi hujirekebisha polepole baada ya kila dozi. Saa sita hazitoshi kwa tishu hizo kumaliza kujirekebisha. Dozi ya pili inazikuta bado zimejeruhiwa, na jeraha linalojilimbikiza kwa namna hiyo hujitokeza miezi au miaka baadaye kama ugumu na makovu ya ndani. Kwa maoni yangu, mgonjwa anayepangiwa mashine ya nje mara mbili kwa siku ana kila sababu ya kuuliza kama ratiba ya kikao kimoja kwa siku, au ya kuruka siku, inapatikana.

Nitaona nini kwenye ngozi wakati wa matibabu?

Vitabu vingi vya tiba husema kwamba ngozi "huwa nyekundu." Maelezo hayo yaliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwa mwanamke mweusi, wekundu huo unaweza usionekane kabisa, na badala yake ngozi huwa nyeusi zaidi, wakati mwingine kwa rangi ya zambarau au kijivu, ikawa na joto inapoguswa kwa kiganja, ikauma kidogo, ikakauka na kuwasha. Muuguzi anayetafuta wekundu peke yake anaweza kuandika kwamba hakuna tatizo wakati mgonjwa anashindwa kulala. Kwa hiyo usisubiri kuulizwa: sema unachohisi, na uonyeshe mahali hasa panapouma, ikiwemo mikunjo iliyo chini ya titi ambako jasho hukaa.

Mabadiliko haya huanza kwa kawaida wiki moja au mbili baada ya kikao cha kwanza, na katika ratiba fupi ya vikao vitano yanaweza kujitokeza baada ya matibabu kwisha, jambo linalowashtua waliodhani wamekwishapita salama. Kwa wengi hutulia ndani ya wiki chache. Ngozi kuchubuka na kutoa majimaji hutokea, lakini katika tiba ya sehemu ya titi si kawaida. Weusi unaweza kubaki kwa miezi mingi, na kwa baadhi ya wanawake hubaki kivuli cha kudumu juu ya eneo lililotibiwa.

Niitunzeje ngozi hiyo?

Oga kama kawaida, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, na ujikaushe kwa kugusisha taulo badala ya kusugua. Alama zilizochorwa na wataalamu kwa wino zisifutwe, kwa sababu ndizo zinazoongoza mashine. Losheni laini isiyo na manukato inasaidia, na daktari anaweza kuongeza krimu ya steroidi iwapo muwasho ni mkali. Dawa ya kawaida ya kuzuia harufu ya kwapa inaruhusiwa ikiwa ngozi haijachubuka.

Wanawake wa pwani wana utamaduni mzuri wa kujisinga kwa liwa na singo, kujifukiza udi na kupaka marashi. Katika kipindi hiki, na mpaka ngozi itakapopona, eneo lililotibiwa lisisuguliwe kwa liwa wala singo, lisipakwe manjano, ndimu, dawa ya kienyeji ya majani wala mafuta yenye karafuu. Mwili uliobaki hauna kizuizi hicho. Sidiria yenye waya ni heri ikapumzishwa. Kanga laini ya pamba au sidiria isiyobana haiumizi sana kama hiyo. Usiweke barafu wala chupa ya maji ya moto juu ya titi, kwani ngozi hiyo huwa haihisi vizuri na inaweza kuungua kabla hujatambua.

Kwa nini ninachoka, na kwa nini titi linauma?

Uchovu ni miongoni mwa madhara yanayotajwa zaidi, ingawa katika tiba ya sehemu ya titi huwa mwepesi na mara nyingi hupungua wiki chache baada ya kikao cha mwisho. Sehemu yake inatokana na mionzi yenyewe, sehemu na upasuaji ambao haujapona, na sehemu na safari za kila siku, hasa kwa mtu anayepanda magari mawili kufika hospitali. Matembezi mafupi ya kila siku yamethibitika kupunguza uchovu huu kuliko kulala mchana kutwa. Lakini uchovu mkali unaokuja na homa usihesabiwe moja kwa moja kuwa ni wa mionzi. Katika nchi zetu pima malaria, na pima wingi wa damu.

Maumivu ya titi huja kama vichomi vya ghafla au uzito unaokuja na kuondoka. Paresitamo hutosha kwa wengi. Vichomi hivyo vinaweza kurudi kwa miezi mingi baada ya tiba, na peke yake havimaanishi kwamba saratani imerudi.

Mirija au puto la mionzi ya ndani lina madhara ya peke yake?

Ndiyo. Kwa kuwa ngozi imetobolewa, pana hatari ya maambukizi, michubuko na kutokwa na damu kidogo, na mahali mirija ilipoingilia panaweza kubaki vidoadoa. Maji pia yanaweza kujikusanya katika tundu lililoachwa na uvimbe. Maji hayo kwa kawaida hunyonywa na mwili, lakini yakizidi au yakiuma, daktari huyavuta kwa sindano. Puto likikaa karibu mno na ngozi, ngozi hiyo hupokea dozi kubwa, na ndiyo maana umbali huo hupimwa kwanza. Mwanamke ambaye ngozi yake huota makovu makubwa yaliyoinuka baada ya kutogwa au kukatwa aliseme hilo mapema, kabla ya njia kuchaguliwa.

Ni madhara gani yanayokuja miezi au miaka baadaye?

Kubwa ni ugumu. Tishu zilizopigwa mionzi hukakamaa polepole, kovu likawa gumu zaidi, na titi likaweza kusinyaa au kuvutika upande mmoja. Kadiri tishu nyingi zinavyopata dozi kubwa kwa mkupuo ndivyo uwezekano wa hali hiyo unavyoongezeka. Uvutaji wa sigara, kisukari na maambukizi ya kidonda baada ya upasuaji huongeza hatari. Tuseme kweli pia kwamba sehemu ya mabadiliko ya umbo hutokana na kisu: nyama iliyoondolewa hairudi, na mionzi hailaumiwi kwa pengo ambalo lilikuwepo kabla yake.

Baadaye pia vimishipa vidogo vya damu vinaweza kuonekana juu ya ngozi kama nyuzi nyembamba. Havina hatari. Mafuta ya titi yaliyokosa damu ya kutosha yanaweza kufa na kutengeneza kibonge kigumu, na tutarudi kwenye jambo hili mwishoni, kwa sababu kibonge hicho huwatia hofu kubwa wanaokigusa.

Titi langu ni la kushoto. Moyo na mapafu yangu yako salama?

Wasiwasi huu una msingi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wanawake wa Sweden na Denmark waliotibiwa kwa mionzi kati ya mwaka 1958 na 2001, na ikaonekana kwamba kila grei moja ya wastani inayofika kwenye moyo iliongeza hatari ya matatizo makubwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Hatari hiyo huanza ndani ya miaka mitano ya kwanza na kuendelea kwa miaka 20 au zaidi. Ongezeko hilo hupimwa juu ya hatari ambayo mwanamke alikuwa nayo tayari, hivyo aliye na shinikizo la damu lisilodhibitiwa au anayevuta sigara ana zaidi ya kupoteza.

Mionzi ya sehemu ya titi kwa kawaida hupunguza dozi inayofika moyoni, ingawa inategemea mahali uvimbe ulipokuwa. Katika hospitali nyingine mgonjwa hufundishwa kuvuta pumzi ndefu na kuizuia kwa sekunde chache, ili mapafu yajae na moyo usogee mbali na mionzi. Kama titi ni la kushoto, muulize daktari dozi ya wastani ya moyo katika mpango wako ni kiasi gani. Namba hiyo imo katika mpango wa kompyuta, na una haki ya kuijua.

Kuhusu mapafu, pafu kuvimba ndani kwa sababu ya mionzi (si uvimbe wa saratani) ni jambo nadra katika tiba hii. Likitokea, hujitokeza mwezi mmoja hadi sita baada ya matibabu kwa kikohozi kikavu, kubanwa na pumzi na homa ndogo, na hutibika. Mbavu zilizo chini ya eneo hilo zinaweza kudhoofika na mara chache sana kuvunjika.

Mkono wangu utavimba?

Kuvimba kwa mkono husababishwa zaidi na kuondolewa kwa tezi za kwapani, au na mionzi inayoelekezwa kwapani. Tiba ya sehemu ya titi hailengi kwapa, hivyo yenyewe huchangia kidogo sana.

Nitapoteza nywele au kutapika?

La. Nywele za kichwani hazipotei kwa mionzi ya titi, na kutapika si dalili ya kawaida. Ikiwa uliwahi kupewa kemotherapi kabla ya hapo, nywele zilipotea kwa sababu ya dawa zile. Vilevile, mafukuto ya ghafla na jasho la usiku kwa kawaida ni ya tamoksifeni au dawa nyingine za homoni.

Nitabaki na mionzi mwilini? Naweza kumbeba mjukuu?

Mionzi ya mashine ya nje hupita na kwisha papo hapo, kama mwanga wa taa iliyozimwa. Mbebe mjukuu, lala na mumeo, pikia familia. Katika mionzi ya ndani inayotolewa kwa dozi kubwa kwa dakika chache, chanzo huingizwa kwenye mirija na kutolewa kila kikao, na unapotoka chumbani huna mionzi.

Naweza kufunga Ramadhani?

Mionzi yenyewe haivunjwi nguvu na kufunga, na ratiba hizi ni fupi. Hata hivyo mwili unaotibu kidonda cha upasuaji na ngozi iliyoungua unahitaji maji na chakula, na mgonjwa ana ruhusa ya kidini ya kuacha na kulipa baadaye. Zungumza na daktari wako kabla ya mwezi kuandama, hasa ikiwa una kisukari.

Vipi kuhusu ujauzito na kunyonyesha?

Usipate ujauzito wakati wa mionzi. Tumia njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni, na mwambie daktari mara moja ukihisi siku zako zimepita. Tiba ikiisha, kama unatumia dawa za homoni, uliza ni muda gani upite kabla ya kutafuta mtoto. Titi lililotibiwa mara nyingi hutoa maziwa kidogo au halitoi kabisa, wakati titi la pili hubaki na uwezo wake na linaweza kumtosheleza mtoto.

Mionzi inaweza kusababisha saratani nyingine?

Inaweza, lakini ni nadra, na kwa kawaida hupita miaka mingi kabla ya hilo kutokea. Kwa mgonjwa anayefaa kupata tiba hii, faida ya kuzuia saratani isirudi huzidi hatari hiyo.

Mimi nimeambiwa sifai kwa tiba ya sehemu. Kwa nini?

Mwongozo wa mwaka 2023 wa chama cha wataalamu wa tiba ya mionzi cha Marekani, ASTRO, unaipendekeza tiba hii zaidi kwa wanawake wa miaka 40 na kuendelea wenye uvimbe mdogo usiozidi sentimita mbili, usio wa aina kali, na unaoitikia homoni. Haiwafai wale ambao saratani imefika kwenye tezi za kwapani, ambao kingo za nyama iliyokatwa bado zina saratani, wenye umri chini ya miaka 40, au waliorithi mabadiliko ya jeni za BRCA1 na BRCA2, ambayo huongeza hatari ya saratani ya titi. Afrika Mashariki wanawake wengi hufika hospitali uvimbe ukiwa umekwisha kukua, na kwa hiyo hupangiwa mionzi ya titi zima au ya kifua baada ya titi kuondolewa. Mtu aliyekataliwa tiba ya sehemu hajanyimwa huduma bora. Amepewa ile inayolingana na ugonjwa wake.

Ni dalili zipi nisizisubirishe?

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukipata homa pamoja na titi lenye joto na maumivu yanayoongezeka, usaha au harufu mbaya kutoka kwenye kovu au mahali pa mirija, ngozi iliyopasuka na kutoa majimaji, kubanwa na pumzi, au maumivu ya kifua.

Nimegusa kibonge karibu na kovu. Saratani imerudi?

Huenda ikawa ni mafuta yaliyokufa, kovu lililokakamaa, au maji ambayo hayajanyonywa. Vyote hivi ni vya kawaida baada ya tiba ya sehemu ya titi. Hakuna mtu, hata daktari mzoefu, anayeweza kuvitofautisha na saratani kwa vidole pekee wakati wote. Ndiyo maana mamografia (picha ya eksirei ya titi) ya kwanza hufanywa baada ya miezi sita hadi kumi na miwili tangu mionzi kwisha, kisha kila mwaka, na ni muhimu picha za zamani zihifadhiwe na kubebwa, kwa kuwa kibonge cha mafuta yaliyokufa hutambulika vizuri zaidi kikilinganishwa na picha iliyotangulia. Pale picha zinapoacha shaka, kipande kidogo huchukuliwa kwa sindano na kupimwa maabara. Kama hospitali uliyotibiwa iko mbali, omba ripoti ya mionzi inayotaja dozi, idadi ya vikao na eneo lililotibiwa, ili mtaalamu atakayekuona mahali pengine asianze kubahatisha.